Kuchagua dawa ya presha: ulinganisho wa makundi makuu na hali zinazoamua

Mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana shinikizo la juu la damu huuliza mapema ni dawa ipi iliyo bora kuliko zote. Likiulizwa hivyo, swali hilo halijibiki, kwa sababu makundi makuu ya dawa za presha, kila moja likitumiwa peke yake kwa dozi ya kawaida, hushusha kipimo kwa viwango vinavyokaribiana: takriban milimita 9 za zebaki kwenye namba ya juu na 5 kwenye namba ya chini. Kinachoyatofautisha ni mambo matatu, yaani ugonjwa mwingine alio nao mgonjwa pamoja na presha, maudhi ambayo kila dawa huleta, na dawa nyingine ambazo tayari anazimeza. Mgonjwa anayeyajua mambo hayo anaweza kuzungumza na daktari wake kwa undani, na akaelewa kwa nini jirani yake mwenye kipimo kilekile amepewa kidonge tofauti na chake.

Naandika haya nikiwa na hofu moja mahususi. Presha kwa kawaida haiumi, ilhali dawa yake humezwa kwa miaka mingi, na mara nyingi dawa ndiyo humfanya mtu aliyekuwa akijisikia mzima aanze kujisikia mgonjwa. Anayekohoa usiku kucha au kuvimba vifundo vya miguu kwa sababu ya kidonge, bila kuambiwa kwamba kipo kingine kisichofanya hivyo, huacha kumeza kimyakimya, na hakuna anayejua mpaka siku anapopooza upande mmoja. Ulinganisho huu umekusudiwa kumpa mtu huyo maneno ya kusema kabla hajafika huko.

Kipimo kwanza

Kabla ya kulinganisha dawa inafaa kuwa na hakika kwamba inahitajika. Shinikizo la damu huandikwa kwa namba mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza dawa ianzishwe kwa mtu ambaye presha yake imethibitishwa kuwa 140 kwa 90 au zaidi, na mapema zaidi, namba ya juu ikiwa kati ya 130 na 139, kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu, kisukari, ugonjwa wa figo au hatari kubwa ya kuugua moyo. Mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani wa mwaka 2017 ulishusha kizingiti cha kuitwa mgonjwa hadi 130 kwa 80. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuitwa mgonjwa na daktari mmoja na kuambiwa yu mzima na mwingine, wote wawili wakifuata vitabu vyao vizuri.

Kipimo kimoja kisichofuata utaratibu hakitoshi kumwanzishia mtu dawa ya miaka mingi. Anayepimwa anapaswa kuketi kwa utulivu kama dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni, mkono ukiwa umelazwa usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, naye akiwa hazungumzi. Mkanda mdogo uliofungwa kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli, na kosa hilo ni la kawaida mno. Wapo pia watu ambao presha yao hupanda mbele ya mhudumu wa afya tu, na kwao mashine ya kupimia nyumbani, mkono wa juu na si kifundo cha mkono, husaidia sana, mradi ikumbukwe kwamba 135 kwa 85 ya nyumbani ni sawa na 140 kwa 90 ya kliniki.

Kubadili maisha au kuanza vidonge

Wengi huiona njia ya chakula na mazoezi kuwa nasaha za heshima tu, na kidonge kuwa ndiyo tiba yenyewe. Takwimu hazikubaliani na mtazamo huo. Katika jaribio la lishe lililochapishwa nchini Marekani mwaka 1997 likiwa na washiriki 459, mlo wenye matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa na maziwa yenye mafuta kidogo ulishusha namba ya juu kwa milimita 11 hivi zaidi ya mlo wa kawaida miongoni mwa wale waliokuwa na presha, ndani ya wiki 8, bila wao kupunguza chumvi wala uzito. Kiasi hicho hakipungui kile cha kidonge kimoja. Chumvi nayo ina uzito wake: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyofichwa ndani ya vyakula vya viwandani. Kupunguza uzito hushusha presha kwa takriban milimita 1 kwa kila kilo inayopungua, na mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa wiki huongeza hapo.

Tofauti iko kwenye udumifu. Majaribio ya lishe mara nyingi huwapa washiriki chakula kilichokwisha kupikwa na kupimwa, jambo ambalo maishani halipo, na presha hurudi mara mtu anaporudia mazoea yake. Kwa hiyo mwenye 142 kwa 91, asiye na ugonjwa mwingine, ana sababu nzuri ya kumwomba daktari miezi michache ya kujaribu chakula na mazoezi kwanza, akijipima na kuandika. Mwenye 165 kwa 100, au mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi, hana muda huo. Kwake mambo yote mawili huanza siku moja.

Ipo njia ya kati ambayo nadhani haizungumzwi inavyostahili, nayo ni chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Katika utafiti uliofanyika vijijini China na kuchapishwa mwaka 2021, wenye washiriki 20,995 waliowahi kupata kiharusi au waliokuwa na presha na umri wa miaka 60 au zaidi, waliotumia chumvi hiyo walipata viharusi pungufu kwa asilimia 14. Lakini chumvi hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, wala anayemeza dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, ambazo tutazifikia hapa chini.

Kuhusu kitunguu saumu na mitishamba inayosifiwa kushusha presha, vipo vichache vinavyoonyesha kupunguza kipimo kidogo katika tafiti ndogo, lakini hakuna kilichoonyeshwa na majaribio makubwa kwamba kinapunguza viharusi au vifo. Visichukue nafasi ya dawa.

Dawa za kuongeza mkojo na dawa za kuzuia kalsiamu

Dawa za kuongeza mkojo za jamii ya thiazidi zilianza kutumika mwaka 1958, na zinazotumika zaidi leo ni haidroklorothiazidi, klorthalidoni na indapamidi. Huzifanya figo zitoe sodiamu na maji, na baada ya wiki kadhaa mishipa yenyewe hulegea. Dawa za kuzuia kalsiamu, zikiongozwa na amlodipini na nifedipini ya kuachilia polepole, hufanya kazi moja kwa moja kwenye kuta za mishipa, kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli yake na kuikaza.

Makundi haya mawili yalipambanishwa katika jaribio kubwa liitwalo ALLHAT, lililotangaza matokeo yake mwaka 2002 baada ya kuwafuatilia watu 33,357 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea kwa karibu miaka 5. Klorthalidoni na amlodipini zilizuia mshtuko wa moyo na vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kilekile. Palipotofautiana ni kwenye moyo kushindwa kusukuma damu vya kutosha, ambako waliopewa amlodipini waliathirika zaidi. Mtu ambaye moyo wake umeanza kuchoka, anayevimba miguu na kuhema akilala chali, ana sababu ya kuegemea upande wa dawa ya kuongeza mkojo.

Upande wa maudhi mizani hubadilika. Thiazidi hupunguza potasiamu na sodiamu kwenye damu, huongeza asidi ya yuriki na hivyo kuamsha jongo kwa mwenye mwelekeo wa ugonjwa huo, na zinaweza kupandisha sukari kidogo. Wanaume wengine hupata upungufu wa nguvu za kiume na kuona haya kusema, ingawa daktari akiambiwa anaweza kubadilisha dawa siku hiyohiyo. Kipimo cha damu cha kuangalia potasiamu, sodiamu na figo kinahitajika baada ya kuanza, na baadaye mara kwa mara. Faida moja isiyotajwa sana ni kwamba thiazidi hupunguza kalsiamu inayopotea kwenye mkojo, kwa hiyo huwafaa wanaosumbuliwa na mawe ya figo ya kalsiamu.

Amlodipini haigusi potasiamu wala asidi ya yuriki, na mtu anaweza kuianza bila kipimo cha damu, jambo lenye maana kubwa kwa aliye mbali na maabara. Hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba nusu yake bado ipo baada ya saa 30 hadi 50, na kwa hiyo anayesahau kidonge siku moja hapotezi kinga yote. Adha yake kubwa ni kuvimba vifundo vya miguu, ambako huongezeka kadiri dozi inavyopanda kutoka miligramu 5 hadi 10, na huwapata zaidi wanawake. Hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi: mgonjwa huongezewa dawa ya kuongeza mkojo ili uvimbe upungue, nao haupungui, kwa sababu hautokani na maji kuzidi mwilini, hutokana na mishipa midogo kupanuka upande wa kuingilia damu bila kupanuka upande wa kutokea. Kinachosaidia ni kurudisha dozi chini, au kuongeza dawa ya kundi litakalofuata, ambayo hupanua upande wa pili. Wengine hupata joto usoni, maumivu ya kichwa siku za kwanza, kufunga choo au ufizi kuvimba. Anayemeza simvastatini kwa ajili ya lehemu aitaje, maana amlodipini huiongeza kwenye damu na dozi ya simvastatini inapaswa isizidi miligramu 20.

Nifedipini ya kidonge laini kinachotobolewa na kuwekwa chini ya ulimi ili presha ishuke haraka iliachwa kwa sababu nzuri, kwani huishusha ghafla mno na imewahi kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayepewa nifedipini ahakikishe ni ile ya kuachilia polepole, na asiitafune wala kuivunja.

Kwa ufupi wa kundi hili, mwenye jongo, au mzee ambaye sodiamu yake huelekea kushuka, amlodipini humfaa zaidi, na mwenye miguu inayovimba tayari au moyo uliodhoofika, thiazidi humfaa zaidi. Asiye na lolote kati ya hayo anaweza kuanza na yoyote. Kati ya thiazidi zenyewe, klorthalidoni ilisifiwa kwa muda mrefu kuwa bora kuliko haidroklorothiazidi kwa sababu hudumu zaidi mwilini, lakini jaribio la watu 13,523 lililochapishwa mwaka 2022 halikuona tofauti katika magonjwa ya moyo na mishipa, na klorthalidoni ilipunguza potasiamu kwa watu wengi zaidi.

Pril au sartan

Makundi haya mawili hutambulika kwenye kasha kwa mwisho wa jina: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, perindoprili na ramiprili upande mmoja, losartani, valsartani, telmisartani na kandesartani upande wa pili. Yote mawili huvuruga mfumo uleule wa homoni ambao figo hutumia kuikaza mishipa na kubakiza chumvi. Kundi la pril huzuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya angiotensini ya pili, na kundi la sartan huiacha homoni itengenezwe lakini huziba mahali inapokaa ili kufanya kazi. Kaptoprili, iliyotangulia na kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1981, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, ambayo hushusha presha ya aliyeumwa. Losartani, ya kwanza katika kundi lake, ilifuata mwaka 1995.

Tofauti ya kimeng'enya na mahali pa kukaa si ya kitabuni tu. Kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na kundi la pril kina kazi nyingine ya kuvunja kemikali iitwayo bradikinini, nayo isipovunjwa hurundikana na kuleta kikohozi kikavu cha kukereketa. Kikohozi hicho huweza kumpata mtu mmoja katika kila 10 wanaotumia, hutokea siku au hata miezi kadhaa baada ya kuanza, hakisikii dawa yoyote ya kifua, na huisha baada ya dawa kuachwa, wakati mwingine kwa kuchelewa wiki chache. Sijui jambo lingine katika tiba ya presha linaloleta usumbufu mwingi wa bure kama hili: watu hupigwa picha za kifua na kupewa viuavijasumu mara kadhaa, huku chanzo kikiwa ndani ya kasha la dawa wanayoimeza kila asubuhi. Anayemeza kidonge chenye jina linaloishia pril na kukohoa bila makohozi alitaje hilo kwanza kabisa.

Adha ya pili ni adimu lakini ya hatari, yaani midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla hadi kuziba pumzi. Hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila 100, na huwapata watu wenye asili ya Afrika mara kadhaa zaidi ya wengine. Aliyepatwa nayo, hata mara moja na kwa wepesi, asiguse tena dawa ya kundi la pril maisha yake yote.

Je, sartan hufanya kazi sawasawa? Utafiti wa ONTARGET, uliochapishwa mwaka 2008 ukiwa na watu 25,620 wenye ugonjwa wa mishipa au kisukari kilichoathiri viungo, uliweka telmisartani na ramiprili bega kwa bega na kuona matokeo sawa, huku walioacha dawa kwa sababu ya kikohozi wakiwa asilimia 1.1 kwa telmisartani na asilimia 4.2 kwa ramiprili. Kundi la tatu lilipewa zote mbili kwa pamoja, nalo halikupata faida ya ziada; lilipata kizunguzungu zaidi na madhara ya figo zaidi. Kwa hiyo mtu akijikuta na pril na sartan ndani ya mfuko mmoja wa dawa, pengine kwa kuwa ametibiwa sehemu mbili, arudi akaulize.

Pale ambapo zote zinapatikana, maoni yangu ni kwamba sartan ni chaguo la kuanzia lililo rahisi kudumu nalo. Pale ambapo pril ndiyo inayopatikana, ni dawa nzuri yenye ushahidi mrefu, na wengi hawatakohoa kamwe. Zote mbili zinataka kipimo cha figo na potasiamu kabla, na tena wiki 1 hadi 4 baada ya kuanza au kuongeza dozi. Kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayopimwa kuonyesha kazi ya figo, kupanda kidogo, hadi asilimia 30, hutarajiwa na si sababu ya kuiacha dawa. Zote mbili huongeza potasiamu, na hapa ndipo chumvi yenye potasiamu tuliyoitaja inapoweza kugeuka hatari.

Dawa zinazopunguza mapigo ya moyo

Atenololi, bisoprololi, metoprololi na ndugu zake hupunguza kasi na nguvu ya mapigo. Zamani zilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza, lakini katika utafiti wa LIFE wa mwaka 2002, watu 9,193 wenye presha na misuli ya moyo iliyonenepa walipewa losartani au atenololi, na wale wa losartani wakapata viharusi pungufu kwa asilimia 25, ingawa presha ilishuka kwa kiasi karibu sawa. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauzitaji miongoni mwa makundi ya kuanzia. Nafasi yake ni kwa mwenye sababu nyingine ya kuzihitaji: aliyepata mshtuko wa moyo, mwenye maumivu ya kifua yatokanayo na mishipa ya moyo, moyo uliodhoofika, au mapigo yanayokwenda ovyo. Mwenye pumu aiseme kabla hajaandikiwa, na anayezitumia asiziache ghafla, kwa sababu moyo uliozoea kushikiliwa hurudi kwa kishindo.

Kidonge kimoja chenye dozi kubwa, au dawa mbili za dozi ndogo

Presha isiposhuka baada ya wiki kadhaa, ziko njia mbili: kuongeza dozi ya dawa ileile maradufu, au kuongeza dawa ya kundi jingine. Wagonjwa wengi hupendelea ya kwanza, kwa kuwa dawa mbili huonekana kuwa dalili kwamba ugonjwa umezidi. Ushahidi uko upande wa pili kwa uzito mkubwa. Uchambuzi wa majaribio 42 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha takriban mara 5 zaidi ya kuiongeza dozi ya kwanza maradufu. Maudhi nayo, kwa makundi mengi, hupanda pamoja na dozi, na kwa hiyo dawa mbili za dozi ndogo mara nyingi huwa nyepesi mwilini kuliko moja ya dozi kubwa. Zikipatikana ndani ya kidonge kimoja, humezwa kwa uaminifu zaidi.

Ni mbili zipi? Utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara na kuchapishwa mwaka 2019, uliwagawa watu 728 katika jozi tatu. Amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi, na amlodipini pamoja na perindoprili, zilishusha presha kwa kiasi sawa, na zote mbili zilishinda perindoprili pamoja na haidroklorothiazidi kwa takriban milimita 3. Hilo linaoana na ALLHAT, ambako lisinoprili ikianzishwa bila jozi ilishusha presha kidogo kuliko klorthalidoni miongoni mwa washiriki weusi, na viharusi vikawa vingi zaidi kwao. Isichukuliwe kwamba pril na sartan hazina kazi kwa watu wenye asili ya Afrika. Zikiambatana na amlodipini hufanya kazi vizuri, na mwenye figo zinazovuja protini huzihitaji awe na asili yoyote.

Wanaomeza dawa tatu za makundi tofauti kwa dozi kamili, ikiwamo ya kuongeza mkojo, na bado wako juu, kwanza waulizwe kama wanazimeza kweli, na kama wanatumia ibuprofeni, diklofenaki au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu vyote hivyo hupandisha presha. Jibu likiwa safi, dawa ya nne yenye ushahidi bora ni spironolaktoni kwa dozi ndogo.

Hali zinazoamua zenyewe

Ujauzito hufunga mjadala. Dawa za pril na sartan huharibu figo za mtoto tumboni na hazitumiwi kabisa. Methildopa, labetaloli na nifedipini ya kuachilia polepole ndizo zinazotegemewa. Mwanamke anayepanga kupata mtoto aseme mapema, kabla mimba haijaingia, ili dawa ibadilishwe kwa utulivu.

Kisukari au ugonjwa wa figo ulioambatana na protini kwenye mkojo huipa pril au sartan kipaumbele, kwa sababu hupunguza msukumo ndani ya vichujio vya figo na kuchelewesha kuharibika kwake. Lakini mtu huyo akiharisha au kutapika sana na kukaukiwa maji, pril au sartan pamoja na thiazidi na dawa ya maumivu kama diklofenaki huweza kuzizima figo ndani ya siku chache. Amuulize daktari mapema, akiwa mzima, ni dawa zipi za kusimamisha siku za namna hiyo.

Kwa wazee, zamani ilidhaniwa kwamba presha ya uzeeni iachwe kama ilivyo. Jaribio la HYVET la mwaka 2008, la watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa indapamidi, wengine wakiongezewa perindoprili, walikufa wachache kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lengo lao lilikuwa 150 kwa 80, tena kwa wazee waliokuwa na nguvu kiasi. Mzee dhaifu anayeyumba akisimama apimwe akiwa amesimama pia, na kipimo hicho kipewe uzito kuliko kile cha kuketi.

Kushusha hadi wapi, na kumeza saa ngapi

Lengo la kawaida ni chini ya 140 kwa 90, na kwa mwenye hatari kubwa namba ya juu iwe chini ya 130. Utafiti wa SPRINT wa mwaka 2015 ulikwenda mbali zaidi: watu 9,361 wenye hatari kubwa, wasio na kisukari, waliwekewa lengo la chini ya 120 au chini ya 140, na waliolengwa 120 walipata magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 25, kwa gharama ya kuzirai, presha kushuka mno na figo kudhurika mara nyingi zaidi. Anayevutiwa na lengo hilo akumbuke kwamba washiriki walipimwa kwa mashine ya kujiendesha baada ya mapumziko ya utulivu, hali inayotoa namba za chini kuliko za kliniki yenye watu wengi. Anayekaribia 125 bila kizunguzungu ana sababu ya kuendelea hapo. Anayeanguka bafuni kwa ajili ya 118 hana.

Saa ya kumeza imebishaniwa sana. Jaribio la mwaka 2022 la watu 21,104 halikuona tofauti kati ya asubuhi na jioni, kwa hiyo saa nzuri ni ile mtu asiyoisahau, isipokuwa kwamba anayemeza dawa ya kuongeza mkojo usiku ataamka mara nyingi.

Namba ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kuchanganyikiwa, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hapo hakuna kulinganisha dawa. Ni kwenda hospitali mara moja. Ikifika hapo bila dalili yoyote, apumzike, apime tena, na awasiliane na daktari siku hiyohiyo, bila kumeza dozi mbili kwa pamoja.

Baada ya kuanza au kubadilisha dawa, kurudi kliniki kila mwezi hadi lengo lifikiwe, kisha kila miezi 3 hadi 6, ndio utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani linaupendekeza. Kwenye safari hizo za mwanzo mgonjwa achukue daftari la vipimo vya nyumbani, makasha yote ya dawa anazomeza zikiwamo za maumivu na za mitishamba, na maudhi yote aliyoyaona tangu siku ya kwanza, hata yale anayoyaonea haya.